Nemi na Merikebu za Kaisari

Msafiri atokaye Roma kwa barabara ya kale ya Appia, akielekea kusini-mashariki, huanza kupanda vilima kabla hajamaliza kilomita 25. Vilima hivyo huitwa Colli Albani, na zamani sana vilikuwa volkeno. Moto ulipozimika zilibaki kasoko, na mbili kati ya kasoko hizo zimejaa maji. Ziwa lililo kubwa zaidi ni Albano, na kando yake upo mji wa Castel Gandolfo, walikozoea kupumzika Mapapa wakati wa joto tangu karne ya 17. Lililo dogo ni Nemi. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 2, na kina chake ni mita 33 hivi. Juu ya ukingo wa kasoko, kama kiota kilichojengwa kwenye mwamba, umekaa mji wenye jina hilohilo la Nemi. Uko mita 521 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 200 juu ya ziwa lake, na wakazi wake ni watu 2,000 tu hivi. Ng'ambo ya pili ya maji unatazamana na mji mkubwa zaidi, Genzano, ambao tangu mwaka 1778 hutandika barabara yake kwa zulia la maua wakati wa sikukuu ya Mwili wa Kristo.

Baadhi ya wenzangu watauliza mji wa watu 2,000 una nini hata uandikiwe kurasa katika jarida letu. Jibu langu ni kwamba sisi tuliokaririshwa majina ya makaisari wa Roma kama tulivyokaririshwa hesabu za kuzidisha tulipewa majina, tarehe na vita, lakini hatukuambiwa vitu vyao viko wapi. Nemi ni mahali ambapo vitu vya kaisari mmoja vilikaa salama kwa miaka 1,900, kisha vikapotea kwa usiku mmoja, watu wengi wa zama hizi wakiwa hai na wenye macho. Hadithi hiyo yafaa kusimuliwa kwa utaratibu.

Jina la Nemi latokana na neno la Kilatini nemus, maana yake msitu, hasa msitu uliotengwa kwa ibada. Msitu huo ulikuwa wa Diana, mungu wa kike wa Warumi, mlinzi wa wanyama wa porini na wa wanawake wenye kujifungua. Hekalu lake lilikuwa chini kwenye ufuko wa kaskazini, na ziwa lenyewe Warumi waliliita Kioo cha Diana, kwa kuwa upepo haulifikii kwa urahisi na maji yake hutulia kabisa. Kila mwaka tarehe 13 Agosti, wanawake waliotimiziwa maombi yao walifika huko kwa maandamano wakiwa na mienge mikononi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mahali hapo sanamu ndogondogo za udongo: mama na mtoto, mkono, mguu, jicho, kila moja ikionyesha kile mtu alichokiombea. Nyingi kati ya sanamu hizo haziko Nemi tena. Mwaka 1885 Lord Savile, aliyekuwa Balozi wa Uingereza mjini Roma, alichimba hapo, na fungu lake likaenda katika makumbusho ya mji wa Nottingham. Mafungu mengine yako Copenhagen na Philadelphia. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka juu ya Nemi: kila mwenye nguvu aliyefika alifika kuchukua.

Lakini kuhani wa Diana ndiye aliyeutia mji huu katika vinywa vya wasomi. Aliitwa Rex Nemorensis, Mfalme wa Msituni, naye hakuwa mtu wa ukoo bora. Alikuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Mtoro aliyefanikiwa kuingia msituni na kuvunja tawi la mti mmoja maalumu alipata haki ya kupigana na kuhani aliyekuwapo. Akimwua, alikuwa kuhani na mfalme yeye, mpaka siku atakapotokea mtoro mwingine mwenye nguvu zaidi. Mwandishi Strabo aeleza kwamba kuhani huyo alikuwa na upanga mkononi daima, akiangaza macho huku na huku. Suetonius naye asema kwamba Kaisari Caligula alipomwona kuhani wa wakati wake amekaa mno katika cheo, alimtafutia mshindani mwenye nguvu amwondoe. Nasi twafahamu kutoka kwa Pausanias kwamba katika karne ya pili baada ya Kristo mashindano hayo yalikuwa bado yakifanyika.

Mskoti mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, James George Frazer, aliishika habari hii na kujiuliza swali moja: kwa nini mfalme auawe na mrithi wake? Jibu lake lilitoka mwaka 1890 katika kitabu The Golden Bough, chenye mabuku mawili. Kufikia mwaka 1915 kilikuwa kimekwisha kuwa mabuku 12. Ili kumfafanua kuhani mmoja wa Nemi, Frazer alikusanya habari za wafalme wa dunia nzima, na hapo ndipo watu wa Afrika ya Mashariki walipoingizwa. Mmoja wa waliomletea habari alikuwa John Roscoe, mmisionari aliyeishi Buganda miaka mingi na kuandika kitabu juu ya Waganda mwaka 1911, kwa msaada mkubwa wa Katikiro Apolo Kaggwa aliyemkusanyia wazee wa kuhojiwa. Hivyo maneno ya wazee wa Mengo yalisafiri mpaka Cambridge, yakawekwa kando ya msitu wa Kiitalia ambao wazee hao hawakupata kuusikia. Nadharia ya Frazer haikubaliwi tena na wataalamu. Walimlaumu kwa kuokota mila hapa na pale na kuzishona pamoja bila kuangalia kila moja imeota wapi. Mimi nadhani wazee wale walistahili kusomwa kwa ajili yao wenyewe, si kwa ajili ya kuhani wa Diana.

Baada ya Ukristo kushika nchi, hekalu liliachwa likafunikwa na udongo, na maisha yakahamia juu mlimani. Ngome iliyo katikati ya mji, yenye mnara wa duara unaoonekana kutoka kila upande wa ziwa, asili yake ni ya watawala wa Tusculum wa karne ya 10. Kuanzia hapo ilipita mikononi mwa watu wengi: watawa, kisha ukoo wa Colonna, baadaye Frangipane waliouchukua mji mwaka 1572, halafu mwaka 1781 Braschi, jamaa ya Papa Pius wa Sita, na mwishowe Ruspoli, ambao jina lao ndilo linaloitwa jumba hilo hata leo. Sitawachosha kwa orodha ya mabwana hao. Kwa mkulima wa Nemi tofauti ya bwana na bwana ilikuwa ndogo.

Mtu akitoka kwenye ngome na kufuata barabara hafiki mbali kabla hajakuta kanisa la Msalaba Mtakatifu. Ndani yake mna sanamu ya Kristo msalabani iliyochongwa kwa mbao na mtawa mmoja wa Kifransisko, Ndugu Vincenzo wa Bassiano, mwaka 1669. Watu wa Nemi husimulia kwamba mtawa huyo alishindwa kuutoa uso wa Bwana jinsi alivyoutaka, akalala kwa majonzi, na alipoamka akaukuta uso umekwisha kuchongwa. Kila mtu na aliamini apendavyo. Uso wenyewe hakika ni kazi ya ajabu.

Muda wote huo wavuvi wa ziwa walikuwa na habari moja waliyorithishana baba kwa mwana. Walisema kwamba chini ya maji mna merikebu mbili, kubwa kuliko kitu chochote chenye haki ya kuelea katika ziwa dogo kama lile. Nyavu zao zilinasa huko chini, na mara nyingine zilitoka na kipande cha mbao au msumari. Wasomi wa Roma walisikia, na kuanzia karne ya 15 wakaanza kushuka.

Wa kwanza alikuwa Kardinali Prospero Colonna, aliyekuwa bwana wa Nemi. Mwaka 1446 alimwagiza mjenzi maarufu Leon Battista Alberti azitoe. Alberti aliunda chelezo juu ya mapipa matupu, akaleta wapiga mbizi kutoka Genoa, akafunga kulabu kwenye merikebu moja na kuvuta. Merikebu haikuja, kilichokuja ni kipande kilichong'oka. Mwaka 1535 Francesco De Marchi alishuka mwenyewe, kichwa na mabega yake yakiwa ndani ya chombo cha kupumulia kilichobuniwa na mtu aitwaye Guglielmo wa Lorena. Aliacha maandishi ya safari hiyo, na ndani yake twaona hata jinsi samaki wadogo walivyomzonga huko chini. Mwaka 1827 Annesio Fusconi alikuja na kengele kubwa ya kuzamia yenye watu wanane ndani, akitazamwa na wageni wa heshima waliopanga viti ufukoni. Mbao alizozitoa zilitengenezwa bakora na vikopo vya ugoro vya kuuzwa. Mwaka 1895 mfanyabiashara wa vitu vya kale, Eliseo Borghi, aliwatuma wapiga mbizi wake, nao wakaibua vichwa vya simba, vya mbwamwitu na cha Medusa, vyote vya shaba nyeusi, kazi safi kabisa. Vilevile alizing'oa mbao nyingi zikatupwa ufukoni, zikaoza. Hapo Serikali ya Italia ikashtuka na kumzuia.

Tazama basi: matope yalizihifadhi merikebu karne nyingi bila kulipwa, nao waliozipenda ndio waliokuwa wakizivunja. Mhandisi wa jeshi la maji, Vittorio Malfatti, alipozipima baada ya Borghi kusimamishwa, alitoa shauri ambalo mwanzoni lilionekana kichekesho. Alisema ya kwamba ikiwa merikebu haziwezi kutolewa majini, basi maji na yatolewe kwenye merikebu.

Shauri hilo liliwezekana kwa sababu ya kazi ya watu wa kale zaidi ya makaisari. Kasoko ya Nemi haina mto unaotoka, na maji yakizidi hupanda na kufunika mashamba na hekalu. Kwa hiyo, karne nne au tano kabla ya Kristo, watu walitoboa mlima. Walichimba handaki la zaidi ya mita 1,600 kutoka ziwani mpaka bonde la Ariccia upande wa pili, kundi moja likianzia huku na jingine kule, kwa nyundo na patasi na taa za mafuta. Pale walipokutana gizani bado panaonekana kwamba mistari yao haikulingana barabara, lakini walikutana. Mlangoni waliweka mabamba ya mawe yenye matundu ili kuzuia takataka. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu kuchimba hata mtaro wa maji wa shule uende sawa atajua kwamba hiyo si kazi ndogo. Kwangu mimi handaki hili ndilo jengo kubwa kuliko yote ya Nemi, ijapokuwa wageni wengi hupita juu yake bila kulijua.

Mwaka 1927 Mussolini, aliyetaka kila Mtaliani ajione mrithi wa makaisari, alitangaza kwamba ziwa litashushwa. Kampuni ya Riva ya Milano ilijitolea kufunga pampu za umeme, na msimamizi wa kazi alikuwa mhandisi Guido Ucelli. Handaki la kale lilisafishwa, na tarehe 20 Oktoba 1928 pampu zikaanza kuyavuta maji na kuyatupa humo. Tarehe 28 Machi 1929 mbao za merikebu ya kwanza zikachomoza. Kazi iliendelea mpaka usawa wa ziwa ukashuka kwa zaidi ya mita 20, na maji yaliyotolewa yakafikia mita za ujazo milioni 40 hivi. Katikati ya kazi dunia yenyewe iligoma. Tarehe 21 Agosti 1931, baada ya kuondolewa uzito wa maji, matope ya chini yalifumka, mita za ujazo zipatazo 500,000, na hekta 30 za sakafu ya ziwa zikadidimia. Pampu zikasimamishwa, maji yakaanza kurudi juu ya merikebu ya pili iliyokuwa imekwisha kufunuliwa, na wakubwa wakataka kuacha. Mwaka uliofuata kazi ilianzishwa tena, na Oktoba 1932 merikebu ya pili nayo ikawa nchi kavu.

Sasa watu waliweza kuona wavuvi walikuwa wakisema nini. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 70 au zaidi, na upana wa mita 20 kwa ile ya kwanza, ya pili ikizidi hapo. Kwenye mabomba ya risasi yaliyokuwa ndani lilikuwa limepigwa chapa jina la mwenyewe: Gaius Caesar Augustus Germanicus, ambaye askari wa baba yake walimpa jina la utani la Caligula, yaani kiatu kidogo cha askari. Alitawala tangu mwaka 37 hadi 41 baada ya Kristo, alipouawa na walinzi wake. Merikebu hizi hazikuwa za vita wala za biashara. Katika ziwa lile zingekwenda wapi? Zilikuwa majumba yanayoelea, zenye sakafu za mawe ya rangi, nguzo za marumaru na maji ya bomba. Kama ziliundwa kwa ajili ya starehe au kwa ajili ya ibada, wataalamu bado wanashindana.

Mimi si mjuzi wa marumaru. Kilichonivuta ni ufundi wa waunda merikebu, ambao majina yao hayakupigwa chapa popote. Mbao za ubavuni ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa ndimi za mbao zilizochomekwa ndani na kufungwa kwa vigingi, mataruma yakaja kutiwa baadaye. Nje palipakwa lami, pakafunikwa kwa kitambaa cha sufu, na juu yake pakapigiliwa mabamba membamba ya risasi, ingawa katika maji matamu hamna wadudu wa kutoboa mbao kama baharini. Yaani fundi alifuata desturi ya bahari hata pale isipohitajika. Palikuwa na pampu za kutoa maji ya ngama. Palikuwa na jukwaa la mviringo lililozunguka juu ya gololi za shaba. Zilipatikana nanga mbili pia. Moja ni ya mti wenye kipande kizito cha risasi, nyingine ya chuma, na hiyo ya chuma ina mti wa juu unaoweza kuchomolewa, mtindo ambao jeshi la maji la Uingereza lilikuja kuutumia katika karne ya 19 likauona ni uvumbuzi. Kabla ya Nemi wengi walifikiri Warumi hawakujua kuunda vyombo vikubwa kiasi hicho, na maandishi ya kale yaliyovitaja yalihesabiwa kuwa chuku. Baada ya Nemi ilibidi vitabu viandikwe upya.

Ufukoni likajengwa jumba lenye kumbi mbili ndefu, kwa ramani ya Vittorio Ballio Morpurgo, na merikebu zikasogezwa taratibu kutoka matopeni mpaka ndani, ukuta wa mbele ukamaliziwa zikiwa zimekwisha kuingia. Makumbusho yalizinduliwa tarehe 21 Aprili 1940. Majuma saba baadaye Italia iliingia vitani.

Vita ilipokaribia, vichwa vya shaba na vitu vingine vidogo vilihamishiwa Roma, navyo vimesalimika. Mtu anaweza kuviona leo katika Palazzo Massimo. Lakini merikebu ya mita 70 haipakiwi kwenye lori. Majira ya joto ya mwaka 1944 yalipoanza, majeshi ya Wamarekani na Waingereza yalikuwa yakipanda kuelekea Roma, na Wajerumani walijishikiza katika vilima hivi. Mizinga ya Kijerumani ilipangwa kama mita 150 tu kutoka kwenye jumba la makumbusho. Watu wa mji waliokuwa wamekimbilia humo walitolewa, na walinzi wa makumbusho wakajificha katika mapango ya karibu. Jioni ya tarehe 31 Mei makombora ya Wamarekani yalianguka kuzunguka pale. Saa mbili hivi baadaye moshi ulionekana, kisha moto. Kufikia alfajiri ya Juni mosi merikebu zote mbili zilikuwa majivu, misumari na mabamba ya risasi yaliyoyeyuka. Siku tatu baadaye, tarehe 4 Juni, Roma ilikombolewa.

Nani alizichoma? Tume ya Waitalia iliyoundwa mwaka huohuo iliwasikiliza walinzi na kupima mashimo ya makombora, ikasema kwamba yamkini sana askari wa Kijerumani walitia moto kwa makusudi kabla ya kuondoka. Upande wa Wajerumani ulidai kuwa makombora ya Wamarekani ndiyo yaliyofanya hivyo. Miaka ya karibuni watafiti wa Kiitalia wameyafungua tena majalada yale na kuitilia shaka hukumu ya mwaka 1944. Wanaotetea hukumu husema kwamba kombora halingoji saa mbili ndipo liwake. Wanaoipinga husema kwamba moto unaweza kufukuta muda mrefu katika mbao kavu za kale bila kuonekana, na kwamba tume iliyoundwa chini ya washindi isingekuwa na haraka ya kuwalaumu washindi hao.

Mimi naona kuna swali jingine lililotangulia hilo. Mtu aliyepanga mizinga hatua 150 kutoka kwenye jumba la merikebu alijua, kama ajuavyo kila askari, kwamba mzinga hujibiwa kwa mzinga. Hata kama kiberiti hakikuwashwa na mkono wake, yeye ndiye aliyelifanya jumba hilo kuwa shabaha. Tena nyuma yake yuko yule aliyezitoa merikebu matopeni ili zimpambe yeye na utawala wake, kisha akaiingiza nchi vitani mwaka uleule wa uzinduzi bila ya kuziwekea kinga hata ya mifuko ya mchanga iliyo ya maana. Ucelli mhandisi simtii katika kundi hilo. Alizipima mbao zile moja moja, na kitabu chake cha mwaka 1940 chenye michoro na picha ndicho kinachotuwezesha leo kuzungumza juu ya ndimi na vigingi. Mwaka 1944 yeye na mkewe walitiwa gerezani mjini Milano kwa kuwasaidia Wayahudi. Walinusurika, na mwaka 1953 akaanzisha makumbusho makubwa ya sayansi na ufundi ya Milano.

Mwaka huohuo wa 1953 jumba la Nemi lilifunguliwa tena, likafungwa katika miaka ya 1960, na limekuwa likipokea wageni tangu mwaka 1988. Ni jumba la ajabu kuingia, kwa sababu ukubwa wake ulipimwa kwa vitu ambavyo havimo. Ndani mna vielelezo vya merikebu hizo kwa kipimo cha moja kwa tano, na mabaki machache. Mgeni hupiga hatua kutoka upande huu mpaka ule, na urefu wa chumba ndio unaomwambia merikebu ilikuwa na ukubwa gani.

Maji yamerudi mahali pake, na miteremko ya kasoko imejaa vibanda na vitalu vya stroberi, zile ndogo zenye harufu kali ambazo asili yake ni za msituni. Zamani wanawake wa Nemi walizibeba katika vikapu kwenda kuziuza Roma. Tangu mwaka 1922 mji una sikukuu ya stroberi, Jumapili ya kwanza ya Juni, na wanawake hupita mitaani wakiwa na sketi nyekundu, blauzi nyeupe na kitambaa cha lesi kichwani, wakigawa matunda kwa wote. Sikukuu hiyo huangukia siku chache tu baada ya tarehe ya moto ule, ijapokuwa wageni wengi wanaojaza barabara hawaijui tarehe hiyo.

Kuna kipande kimoja ambacho hakikuungua, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kutoweka Italia. Ni sehemu ya sakafu ya merikebu, ya mraba, iliyonakshiwa kwa mawe ya kijani, ya zambarau na meupe. Mwaka 2013 mtaalamu wa marumaru wa Kiitalia alikuwa mjini New York akionyesha kitabu chake chenye picha ya kipande hicho, na mmoja wa waliokuwapo akasema kwamba anakifahamu. Kilikuwa katika nyumba moja ya Manhattan, kimewekewa miguu, na kwa zaidi ya miaka 40 wenye nyumba walikuwa wakikitumia kama meza ya kahawa. Walisema walikinunua Italia kwa nia njema. Waendesha mashtaka wa New York walikitwaa mwaka 2017, kikarudishwa Italia, na tangu Machi 2021 kimewekwa katika jumba la Nemi, ndani ya ukumbi uliojengwa kwa ajili ya merikebu yake.